Hamu Imeisha, Hisa Inasubiri: Mama Aanzie Wapi?

Mama, kama umefika mahali unaamka asubuhi ukiwa umechoka kuliko ulivyolala, vyombo vya jana unaviangalia tu, na huku unajua kesho ni kikao cha kikundi na hisa hujaitenga, makala hii inakuhusu. Inamhusu pia bibi anayelea wajukuu, na baba aliyeona mkewe amebadilika lakini hajui aseme nini.

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Ilomba, Mbeya. Akina mama ninaokutana nao kliniki na majumbani hawaji wakisema wana sonona. Wanasema kichwa kinauma, mwili mzito, usingizi hauji, "nawaza sana, sista." Ukikaa nao kidogo, mambo mawili yanatoka yakiwa yameshikana: uchovu na pesa. Chukua mfano wa mama mwenye genge la mboga aliyeacha kufuata mzigo sokoni alfajiri. Siku tatu bila genge, hisa ya wiki haipo. Hisa haipo, anaona aibu kwenda kikaoni. Hakwenda, faini inaongezeka, na simu ya mweka hazina anaiangalia ikiita mpaka inakata. Mwisho hata kuteka maji anapita njia ya nyuma asikutane na wenzake.

Fundo hili linafunguka, lakini halifunguki kwa kuambiwa "jipe moyo". Neno hilo mimi silipendi. Mama akiwa na moyo wa kujipa angekuwa ameshajipa.

Kwa nini uchovu na pesa hutembea pamoja

Watafiti waliwahi kuwapima uwezo wa kufikiri wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, mara mbili: kabla ya mavuno, wakati mfuko umekauka, na baada ya mavuno, pesa ikiwa imeingia. Matokeo yalitolewa mwaka 2013. Watu walewale, akili zilezile, lakini kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi. Si kwamba walikuwa wajinga mwezi ule na werevu mwezi uliofuata. Kichwa kilichojaa hesabu za deni, unga na mbolea hakibaki na nafasi kubwa ya kufikiria mambo mengine.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunaijua hali hiyo bila kuambiwa na mtafiti. Januari inataka sare, madaftari na michango ya shule, shamba linataka mbolea, mahindi yaliyo ghalani yanaelekea ukingoni na mapya bado yako chini ya mvua. Mama anayesahau tarehe ya chanjo ya mtoto mwezi huo, au anayeunguza maharage mara mbili kwa wiki, hajawa mzembe. Ndugu wa mume wakikuambia umekuwa mvivu, jua kwamba wanaona matokeo tu.

Anza na mwili

Kabla hatujazungumza habari ya akiba, naomba tuutazame mwili, kwa sababu wapo akina mama wanaojilaumu miezi na miezi kumbe damu ni pungufu.

Upungufu wa damu humpata sana mwanamke aliye katika umri wa kuzaa: hedhi nzito, mimba zinazofuatana, kutokwa damu nyingi wakati wa kujifungua, malaria, minyoo, na chakula kisicho na madini chuma ya kutosha. Dalili zake zinafanana mno na "kukosa hamu". Unapanda kimlima kidogo moyo unakwenda mbio, unahisi kizunguzungu ukiinuka, unataka kulala tu. Kipimo cha wingi wa damu ni tone dogo la kidoleni. Omba upimwe. Ikiwa ni mjamzito, vidonge vya kuongeza damu unavyopewa kliniki uvimeze, usiviweke kabatini kwa sababu vinakuchafua moyo. Vikikusumbua, rudi useme, tutakuelekeza namna ya kuvimeza ukiwa umekula.

Na hapa nina ugomvi kidogo na chai yetu. Tunaishi jirani na mashamba ya chai ya Rungwe, na kikombe cha chai ya rangi baada ya maharage ni kama sheria ya nyumba. Chai inazuia mwili usichukue madini chuma yaliyo kwenye chakula ulichotoka kula. Sikuambii uiache. Inywe mbali na mlo, saa moja au zaidi kabla au baada, na juu ya maharage, dagaa au majani ya maboga kamulia ndimu au kula kipande cha papai. Hilo halikugharimu hela ya ziada.

Jambo la pili ni jiko la mkaa. Juni na Julai baridi ya Mbeya inapoingia, watu wanaingiza jiko ndani wapate joto, mlango na madirisha yamefungwa. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Ikiwa kidogo inakupa kichwa kuuma, kichefuchefu na uchovu usioelezeka. Ikizidi inaua familia nzima usingizini. Kama unaamka na maumivu ya kichwa yanayopungua ukitoka nje, acha kuingiza jiko chumbani usiku wa leo, usingoje kesho.

Yapo mengine ambayo uchovu unaweza kuyaficha: mimba usiyoijua, maambukizi ya VVU, kisukari, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri. Ndiyo maana nasema upimwe kwanza. Kujisema "mimi ni mtu wa mawazo tu" kunaweza kuchelewesha matibabu.

Uchovu wa kawaida au sonona?

Mama aliyechoka akilala usiku mmoja vizuri, au akipata mtu wa kumshikia mtoto mchana mmoja, anarudi. Mwenye sonona harudi hivyo. Sisi wahudumu tunaanza na maswali mawili ambayo hata wewe unaweza kujiuliza. Kwa wiki mbili zilizopita, umekuwa na huzuni au kukata tamaa karibu kila siku? Na mambo uliyokuwa ukiyapenda, kwaya, soga na jirani, kumsuka binti yako, yamekuwa hayana ladha karibu kila siku? Ukijibu ndiyo kwa moja tu kati ya hayo, njoo tuzungumze.

Wala usidhani uko peke yako. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, na linaloongoza ni sonona. Hesabu akina mama kumi kwenye benchi la chanjo: wawili huenda wana mzigo huu, na huwezi kuwajua kwa kuwatazama, maana kitenge kimefungwa vizuri na mtoto amepakwa mafuta.

Kuna hali mbili ambazo hazisubiri miadi. Ya kwanza ni mama aliyejifungua karibuni ambaye halali kabisa, anasikia sauti, anaongea mambo yasiyoeleweka au anamwogopa mtoto wake. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, akisindikizwa. Hajarogwa, na ugonjwa huo unatibika. Ya pili ni mawazo ya kujiua au kumdhuru mtoto. Ukiwa nayo mwambie mtu mmoja leo, yeyote unayemwamini, na msiachane mpaka mmefika kituoni. Anayeambiwa naye asianze mahubiri. Akae, asikilize, aweke mbali sumu za shambani na vidonge, wafuatane.

Hatua kwanza, hamu baadaye

Watu wengi wanangoja hamu irudi ndipo waanze kufanya. Kwa sonona mambo yanakwenda kinyume: unafanya kidogo bila hamu, na hamu inakuja ikifuata nyuma, siku chache baadaye, wakati mwingine wiki kadhaa. Hii ni mojawapo ya tiba za maongezi zinazotumika duniani, na jirani zetu wa Zimbabwe wameikuza kwa namna ninayoipenda.

Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kuwafundisha bibi wa mitaani katika vitongoji vya Harare. Madaktari wa akili walikuwa wachache mno nchini humo, bibi walikuwapo tele. Waliwekewa mabenchi ya mbao nje ya zahanati, mgonjwa anakaa na bibi wanazungumza. Kwa Kishona hali yenyewe inaitwa kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Utaona ni ileile "nawaza sana" ya kwetu. Matokeo ya utafiti yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Bibi wale hawatoi mawaidha marefu. Mgonjwa anataja matatizo yote yanayomkalia, wanayaandika. Kisha anachagua moja tu, si lazima lililo kubwa, ila linaloweza kuguswa wiki hii. Wanatafuta hatua moja ndogo. Anakwenda, anajaribu, anarudi kusema ilivyokuwa. Basi.

Unaweza kufanya hivyo na jirani, na mama mkwe mnayeelewana, na katibu wa kikundi chenu. Hatua iwe ndogo kiasi cha kukuchekesha. Si "nitasafisha nyumba", bali nitaosha sufuria hii moja. Si "nitafungua genge", bali saa nne jua likishatoka nitakaa nje na mtoto kwa muda wa kumenya viazi. Kuoga maji ya moto na kubadilisha nguo ni hatua. Kujibu salamu ya jirani na kumuuliza habari za kwake ni hatua pia, na kwa mtu aliyejificha wiki tatu ni kubwa. Weka alama kwenye kalenda ukutani ukimaliza. Siku ambayo hukuweza, acha pengo, usirudi nyuma kulipa deni la jana. Madeni unayo ya kutosha.

Akiba isiyotoka kwenye sahani

Sasa pesa. Jambo ninalolikuta na linaloniumiza ni mama anayekunywa chai tupu mchana ili elfu mbili ya hisa itimie. Watoto wamekula, baba amekula, yeye "ameshiba". Ananyonyesha, damu iko chini, na daftari la kikundi linaonyesha hajawahi kukosa. Hiyo mimi siiiti akiba. Mwili ukianguka, matibabu na siku za genge kufungwa vitakula hisa za miezi mitatu kwa mara moja. Kama hisa zako zinatoka kwenye chakula chako, punguza idadi ya hisa. Vikundi vingi vinaruhusu kununua hisa moja hadi tano kwa wiki. Moja si aibu. Hisa moja ya shilingi 2,000 kila wiki ni 104,000 kwa mwaka kabla ya faida, na ulikuwa unakula.

Vikundi hivi si vya jana. Mfumo wa akina mama kuweka pesa sandukuni, kukopeshana na kugawana mwisho wa mwaka ulianza Niger mwaka 1991 kupitia shirika la CARE, ukasambaa Afrika nzima, na hapa kwetu tunaujua zaidi kwa jina la VICOBA. Kitu ambacho wanachama wengi wanakisahau ni mfuko wa jamii, ile mia tano au elfu moja mnayotoa pembeni kila kikao. Mfuko ule haukuwekwa kwa ajili ya misiba tu. Katiba za vikundi vingi zinaruhusu utumike kwa ugonjwa, bila riba, na kukosa nguvu kwa wiki kadhaa kwa sababu ya sonona au upungufu wa damu ni ugonjwa. Soma katiba yenu, au mwombe katibu akusomee. Halafu mpigie mwenyekiti kabla ya siku ya kikao, si baada. "Dada, naumwa, wiki hii sitaweza, naomba mnivumilie wiki tatu" ni sentensi fupi, na inazuia faini na maneno.

Pesa ndogondogo ya nyumbani inahitaji mahali pake. Watafiti Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwagawia wanachama wa vikundi vya mchezo magharibi mwa Kenya visanduku vya chuma vyenye kufuli, vibubu kwa maana hiyo, wawekee pesa ya afya. Katika matokeo yao ya mwaka 2013, kibubu cha kawaida ambacho mwenyewe anashika ufunguo kiliongeza matumizi ya kinga ya afya. Kibubu ambacho ufunguo ulikaa kwa mtu mwingine hakikusaidia hivyo, maana watu waliogopa pesa kukwama wakati inahitajika. Na faida nyingine ilikuwa kwenye ulimi: pesa yenye jina ni rahisi kuikatalia. Shemeji akija na shida yake unamjibu bila kudanganya, "hiyo ni ya dawa za watoto."

Kwa hiyo tafuta kibubu au kopo la maziwa ya unga, liandike AFYA, na shika ufunguo mwenyewe. Shilingi 500 kwa siku zile tano unazopata ni 2,500 kwa wiki, yaani 130,000 kwa mwaka. Siku isiyo na 500, weka 100. Simu nayo inafaa, ila kwa mama ninayemjua hapa mtaani pesa iliyo kwenye simu ina miguu, inaondoka usiku kwa vocha na kutumiana.

Mikopo inayokausha

Ukiwa umechoka na umebanwa ndipo mkopo wa haraka unapokukuta. Tuufanyie hesabu ya mfano. Unapewa 100,000, unarejesha 5,000 kila siku kwa siku 26. Jumla 130,000. Riba 30,000 kwa mwezi mmoja, na si kwamba laki ile umekaa nayo mwezi mzima. Kuanzia kesho yake umeanza kuirudisha. Ukikata ada ya fomu mwanzoni, hata laki yenyewe hukuipata yote. Linganisha na kikundi kinachotoza asilimia 5 kwa mwezi: riba ni 5,000, na sehemu yake inakurudia siku ya mgao. Watu hawakukosea kuuita mkopo ule kausha damu.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayekopesha kama biashara awe na leseni, na vikundi vyetu navyo visajiliwe. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali, zile ambazo ukichelewa zinawatumia ujumbe wa kukudhalilisha ndugu na majirani waliomo kwenye simu yako. Kabla ya kupokea hela ya mtu, uliza leseni, uliza jumla utakayorudisha kwa shilingi wala si kwa asilimia, na upewe nakala ya mkataba. Akikataa, ondoka. Hawaruhusiwi kubeba godoro na vyombo vyako kwa ubabe; ikitokea, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na polisi.

Kama tayari umo ndani, usikope kwa mmoja ulipe mwingine. Andika madeni yote kwenye karatasi moja, nani, kiasi gani, lini. Akina mama wengi hawajawahi kuyaona yote pamoja, na mara nyingi jumla ni ndogo kuliko ile iliyokuwa ikizunguka kichwani saa nane za usiku. Anza na linalotoza zaidi. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, hiyo ni kazi yake. Anaweza pia kukueleza mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile asilimia 10 ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Ila maoni yangu ni kwamba usiuombe wiki hii. Mkopo unataka mtu mwenye nguvu za kuufanyia kazi. Pona kwanza.

Nyumbani

Baba, karatasi ile ya madeni ikae mezani ukiwapo. Mke anayebeba hesabu peke yake anachoka mara mbili. Unaweza kuchota maji, kumshika mtoto jioni mama alale saa mbili, kwenda wewe kikaoni na kupeleka salamu. Usimnyang'anye kibubu ukidhani unamsaidia.

Na kama nyumbani kinachokumaliza ni kipigo, au mtu anayechukua kila senti unayopata, hilo halitatuliwi kwa kibubu wala kwa kukaa juani. Dawati la Jinsia na Watoto liko kituo cha polisi, na afisa ustawi wa jamii yuko kwa ajili hiyo. Hata sisi zahanati ukituambia tunajua pa kukupeleka.

Ukija kituoni

Usingoje mtoto aumwe ndipo uje. Siku ya chanjo au kupima uzito inatosha, mwambie muuguzi, "na mimi nataka kuonwa." Ukiona aibu mbele za watu, sema una shida ya kuongea faraghani, utaingizwa chumbani. Taja siku ngapi umekuwa hivyo, usingizi ukoje, unakula nini, hedhi ikoje, na kama unanyonyesha, kwa sababu dawa huchaguliwa kwa kuangalia hayo. Si kila mwenye sonona anapewa dawa. Wengi wanaanza na maongezi na kufuatiliwa. Wanaohitaji zaidi hupewa rufaa, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina idara ya afya ya akili. Kama leo huwezi kutoka nyumbani, piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, au mtume mtoto amwite mhudumu wa afya wa mtaa wako. Atakuja.